Kaka, Fungu Lako la Kumbikumbi Bado Ninalo

Kaka yangu Omolo,

Barua kama hii huanza na neno "mpendwa". Nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelifuta. Tuone kama litapata nafasi tukifika mwisho.

Nakuandikia hadharani, na nitaiweka kwenye grupu ya familia, ambayo mama hayumo, kule unakosoma kila kitu na kujibu kwa kidole gumba, kwa sababu simu zangu umeacha kushika tangu Krismasi. Ukiona aibu kwamba shangazi na binamu wamesoma, hiyo aibu ni yako, ibebe. Mimi yangu nimeibeba peke yangu kutoka nyumbani Seme hadi kibanda changu cha mitumba sokoni Kibuye, na mabega yamechoka.

Nianze na mambo tuliyofanya pamoja, usije ukasema nimekusahau.

Unakikumbuka kichuguu cha nyuma ya jiko la mama? Nauliza kwa sababu mtu anayekikumbuka hangefanya ulichofanya. Kilikupita wewe kwa urefu, na wewe ulinipita mimi. Mvua za Aprili zikikaribia tuliwaona inzi wa ziwani wakipanda juu ya maji kule chini kama moshi wa jiko, na mama alisema, "Bado siku chache." Hakuwa na kalenda ukutani. Aliwasoma wadudu. Basi siku moja, mvua imenyesha usiku na jua la asubuhi limeanza kuuma, alituita tuache uji.

Fundi ulikuwa wewe. Ulikita vijiti kuzunguka matundu ya kichuguu, ukatandaza majani ya mgomba na lile blanketi la kijivu juu yake, ukaacha upenyo mmoja mdogo wa mwanga. Chini ya upenyo ulichimba shimo na kulisiriba kwa matope laini. Kumbikumbi, agoro kama mama anavyowaita, hufuata mwanga. Wakifika pale huteleza, wakaanguka, na mabawa yao yasiwasaidie kitu. Kisha tulikaa chini, wewe kulia mimi kushoto, tukapiga vibao vilivyolazwa juu ya ardhi, na mama akanyunyiza maji kwa kiganja. Tulikuwa tunawadanganya mchwa kwamba mvua inanyesha. Mimi nilipiga kwa pupa, ukanishika mkono. "Pole pole," ulisema. "Mvua haina haraka. Ukipiga kama askari anabisha mlango, nani atatoka?" Nilicheka hadi mama akanifinya.

Na walitoka. Mama hakuwachukua wote. Shimo likijaa mara mbili aliondoa blanketi mwenyewe, hata kama wewe ulikuwa bado unalilia la tatu. "Acha hao waende," alisema. "Ukimaliza wote, mwaka ujao utapigia nani kibao?" Waliobaki walipanda angani na kila mtu akapata chake: mbayuwayu, mwewe, kuku wetu waliokimbia shingo mbele, chura wa kisimani, sisimizi waliovuta mabawa hadi jioni. Na wachache, wale wawili wawili, walitua, wakakatika mabawa na kuingia ardhini kuanza vichuguu vingine. Hayo sikuyasoma shuleni. Ulinionyesha wewe, umelala kifudifudi kwenye majani, umeniwekea kidole mdomoni ninyamaze.

Sufuria ya kwanza ilikuwa yako. Wewe ni kifungua mimba, na kwetu kichuguu hurithiwa kama ng'ombe. Baba alikipata kwa babu, na baba alipofariki kikawa chako. Mama alikuwa mlinzi, na mimi, binti wa kuolewa, nilikuwa mpiga kibao. Hakuna aliyeonja mpaka fungu lako limewekwa kando kwenye mkebe. Sikuwahi kulalamika. Leo nalalamika.

Kuna siku nyingine nataka uikumbuke. Mchwa walikula mguu wa meza uliyosomea, na wewe ulitoka na kopo la mafuta ya taa ukaelekea kwenye kichuguu. Mama alikunyang'anya lile kopo. Hakukupiga, alikuketisha. "Mchwa hakuli kitu iko hai, Omolo. Meza ilikufa zamani, ndio akala. Inua meza yako uweke juu ya mawe." Kisha akakutembeza shambani akakuonyesha mtama ulioota karibu na kichuguu, uliopita mwingine kwa mkono mzima. Akakuonyesha pale maji ya mvua yanapozama badala ya kusimama. Akakuonyesha uyoga ulioota pembeni, ule mweupe mkubwa tuliokula na ugali wiki nzima. Mabua makavu, majani, vijiti, yote mchwa huyabeba chini na kuturudishia udongo. Ulitikisa kichwa kwamba umeelewa. Nilikuwepo. Ulielewa.

Basi niambie mtu aliyeelewa huwekaje mbao za paa chini, kwenye udongo mtupu, hatua tano kutoka kwenye kile kichuguu, akazifunika kwa nyasi na kuondoka kurudi Nairobi mwaka mzima. Mama alikwambia uziweke juu ya mawe, maneno yale yale ya meza. Ukamjibu, "Mama, hizi zimepigwa dawa kiwandani." Hazikuwa zimepigwa chochote. Ule ni ugali uliouweka mezani kwa watu wenye njaa, kisha ukaenda zako.

Mwezi wa Machi mwaka jana ulirudi kupima msingi wa nyumba yako. Uliupiga ule mrundo teke na kiatu kikaingia ndani. Nakuelewa kukasirika, mbao si mchezo, na mimi ningelia. Lakini hasira yako ilisubiri. Ilisubiri hadi Jumapili, mama yuko kanisani na kitambaa chake cheupe, ndipo ukatoboa kichuguu kwa mtaimbo, ukamimina sumu ya mchwa tundu kwa tundu, ukaziba kwa udongo na kulainisha kwa kiganja kama mama anavyosiriba nyumba. Mtu aliyekasirika kweli hapigi lipu, Omolo. Anayepiga lipu anaficha. Ulimwachia salamu jirani yetu Nyar Uyoma kwamba umeitwa kazini haraka, na mama aliporudi kutoka kanisani alikuta vumbi la gari.

Haya yote sikuyajua wakati ule. Sasa nakwambia ambayo wewe hukuyaona.

Mvua zilikuja kama wiki mbili baadaye. Nilikuwa nyumbani wikendi ile, shavu limevimba, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nimeng'olewa jino. Mama alipiga vibao na Nyar Uyoma. Wakatoka wachache mno, tena wamelegea, wengine wakitembea badala ya kuruka. Mama alikaa akiwatazama. "Mwaka hii wamechoka," alisema, akamwokota mmoja na kumtia mdomoni mbichi, akimkata mabawa kwa meno, bila hata kufikiri, kama anavyoonja chumvi. Kumbuka huyo mmoja. Nitarudi kwake.

Aliwakaanga, akaanika, akajaza mkebe wako kwanza. Kisha akakupigia simu, na kwa kuwa masikio yake si ya zamani, aliweka sauti kubwa. Nilikuwa naosha sufuria pale pale.

"Omolo, agoro imetoka kidogo tu mwaka hii. Lakini yako nimeweka."

Nilidhani simu imekatika.

"Mama, usijisumbue na hizo vitu," ulisema.

"Si kusumbuka. Ni kazi yangu."

"Umekula?"

"Bado. Tunakula saa hii na ugali."

Kulikuwa na kuku wanatembea uani, na mama ameshika simu mbele ya uso wake kama kioo. Nilisikia pumzi yako, Omolo. Neno moja lilitosha. "Usile." Hata mtoto anayeanza kuongea analiweza.

"Netiwaki ni mbaya," ulisema, ukakata.

Netiwaki. Tangu niijue ile sauti yako ikijificha nyuma ya neno hilo, sijaweza kulisikia sokoni bila kumgeukia aliyelisema.

Kuku walianza. Wale waliodonoa chini ya blanketi walipinda shingo mmoja baada ya mwingine, na mama akasema ni ugonjwa wa kuku wa kila mvua. Alikuwa amekwisha kula. Nyar Uyoma alikuwa amebeba fungu lake nyumbani, na Mungu alimsaidia akawa anamngoja mgeni aliyechelewa kufika, hakulionja. Mimi sikula kwa sababu ya jino. Kabla ya saa kumi mama alianza kutoa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Mate yalimtoka akawa anayafuta kwa leso na yanazidi. Alitetemeka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilimfunga mgongoni kwa mwendesha boda kwa ile leso, nikakaa nyuma yake kumzuia asianguke, na njia nzima hadi hospitali ya Kombewa nilisikia meno yake yakigongana sikioni mwangu.

Daktari aliuliza kama mama amepulizia dawa shambani. Nikasema hapana. Akauliza amekula nini. Nikasema kumbikumbi tu, wa nyumbani kwetu, wa kichuguu chetu. Nilisema kwa kujivunia, kaka. Nilimtetea mchwa wako mbele ya daktari. Walimtibu kama mtu aliyekula sumu, na walifanya vizuri, kwa sababu alikuwa amekula sumu. Siku ya tano alirudi nyumbani. Mkono wake wa kulia haukurudi naye. Unatetemeka mpaka leo. Ungo hawezi kuupepeta. Mahindi yanamwagika miguuni, na kuku wapya wanakuja kumshangilia.

Kutoka hospitali nilikupigia nikakwambia mama anaumwa, lakini mkebe wako upo, nitautuma kwa basi. Ukasema, "Usitume." Nikadhani ni maringo ya Nairobi. Nikauweka kwenye kibanda, kwenye rafu ya juu nyuma ya makoti ya watoto.

Desemba alikuja fundi uliyempa kazi ya nyumba yako kuuliza ujenzi utaanza lini. Alikunywa chai, akazunguka nyuma ya jiko, akaniuliza mimi, mama akiwa ndani, "Na ile dawa ya mchwa ilifanya kazi? Nilimwambia bosi asiimwage bila kuambia mama, hii kitu watu wanakula." Alisema hivyo tu, kisha akaomba sukari iongezwe. Nilikwenda kwenye kichuguu nikaukwangua ule udongo kwa ukucha. Tundu la kwanza, la pili, la saba. Chupa ya sumu ulikuwa umeisukuma chini ya mbao zako mbovu. Hata kuificha uliificha kivivu.

Nikakupigia siku ya Krismasi. Ulisema, "Ni wadudu tu, wewe. Na mama si alipona?" Tangu hapo hushiki.

Wadudu tu. Njoo basi uone shamba lako la kurithi bila hao wadudu tu. Mabua ya msimu uliopita yamelala vile vile, makavu, hayaozi wala hayaliwi, tunayakanyaga yanavunjika. Maji ya mvua yanasimama pale yalipokuwa yanazama, na mbu wamepata makazi. Uyoga haujaota. Yule kenge aliyekuwa anaishi kwenye tundu la upande wa ziwa, ambaye ulimwogopa ukiwa na miaka kumi na mbili na sasa nakutaja mbele ya binamu zako, tulimkuta amekauka. Kichuguu kilicholisha nyumba tatu na ndege wote wa pale sasa ni lundo la udongo mgumu. Na nyumba yako hujaijenga. Hata msingi hujachimba. Uliua vyote hivyo kwa ajili ya kamba nne ulizofunga kwenye vigingi, na mbuzi wa Nyar Uyoma amekula mbili.

Lakini hata hayo si yaliyoniketisha kuandika. Udongo huenda ukapona. Mama anasema udongo una subira kuliko sisi. Nimeandika kwa sababu ya yule kumbikumbi mmoja mbichi niliyekwambia umkumbuke.

Mama anaamini ni yeye aliyekosa. Anaamini aliugua kwa sababu alionja kabla ya fungu lako kuwekwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuonja kwanza, na mwaka alioonja, akaanguka, kuku wakafa, mchwa wakahama. Kwake hesabu imekamilika. Amelisema kwenye maombi mbele ya kina mama wenzake, akiwa amesimama, mkono ukimtetemeka. Na kila nikienda nyumbani ananiambia, "Mpigie kaka yako. Mwambie anisamehe. Labda ndio maana hakuji."

Umesikia? Mama anakuomba wewe msamaha.

Utauliza mbona sijamwambia. Nilijaribu. Nilisimama mlangoni na ile chupa ndani ya mfuko. Nikaanza na jina lako, na kabla sijafika popote akasema, "Usimseme kaka yako. Ni boma lake." Samaki mkunje angali mbichi, wanasema; wewe alikukunja, ila kila alipokukunja alikupiga busu juu yake. Nikaona nikimwambia mimi atadhani binti aliyeolewa anataka kumchafua mrithi. Na nikaona pia, sitakuficha, kwamba sitaki kukufanyia hii kazi. Nimekubebea mama hadi Kombewa. Hili la pili libebe mwenyewe.

Ila siwezi kungoja sana. Juzi nilikuwa nyumbani. Inzi wa ziwani wamepanda. Mama amevitoa vibao darini, ameviosha, ameviegemeza ukutani vikauke. Blanketi la kijivu liko kwenye kamba. Anataka kupiga mwaka huu, na apige vizuri, na asionje. Nikamwambia mama, kichuguu kimekufa. Akasema kimenuna tu. Akapiga kidogo kwa mkono wa kushoto kunionyesha kwamba anaweza. Pole pole, kaka, vile vile ulivyonifundisha.

Sijui ni lipi baya zaidi, apige siku nzima pasitoke hata mmoja na aseme Mungu bado hajamsamehe, au watoke wawili watatu waliosalia na sumu yako tumboni, naye, kwa furaha, akukaangie. Nimemwomba Nyar Uyoma amlinde. Nimemwambia asimruhusu kuweka chochote kinywani kinachotoka pale. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Kwa hiyo hata jirani anajua. Aliyebaki bila kujua ni mwenye mkono unaotetemeka.

Una muda mpaka mvua ya kwanza. Panda basi, shuka Kombewa, tembea. Usimletee sukari wala mkate. Kaa pale kichuguuni, mahali pako upande wa kulia, ushike mkono wake, umwambie ulichomimina, na siku uliyomimina, na kwamba siku ile simu ilikuwa nzima. Akikulaani, stahimili. Akikusamehe, na utaona atakusamehe kabla hujamaliza sentensi, stahimili hilo pia, hilo ndilo zito. Mvua ikikukuta bado Nairobi, nitamwambia mimi, na nitaanza na netiwaki.

Mkebe wako ninao hapa, Omolo, nyuma ya makoti. Haujafunguliwa. Mama aliufunga kwa kitambaa cha buluu na fundo lile la vifundo viwili, mkono wake ukiwa bado mzima. Nitakuja nao. Nitauweka katikati yenu, na hutamwambia kwamba umeshiba. Utamweleza kwa nini fungu la kifungua mimba lilikaa mwaka mzima bila kuguswa na mwenyewe.

Ukimaliza, tutauzika sote watatu pale kichuguuni. Siku hiyo ndipo nitaliandika lile neno la mwanzo.

Dada yako,
mpiga kibao wa upande wa kushoto